Kesingi ya giaboksi imepasuka uani: uliza kwanza ufa uko wapi

Anayebadilisha klachi mwenyewe nyumbani, au anayechomoa shafti ili abadilishe oili sili, anagusana na alminiamu tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kesingi ya giaboksi ya gari dogo, yaani ganda lake la nje, karibu kila mara ni alminiamu ya kumiminwa kwenye kalibu, na sehemu kubwa ya ukuta wake ina unene wa milimita chache tu. Bati ukiligonga hubonyea, ukajua umezidisha. Alminiamu ya kumimina haikupi onyo la namna hiyo. Inavumilia, inavumilia tena, halafu inakatika ghafla. Na bolti zinazoingia ndani yake ni za chuma kigumu, kwa hiyo wakishindana, bolti hubaki nzima na kesingi ndiyo inayoumia.

Watu wakiona ufa huuliza una urefu gani. Urefu ni jambo la pili. Ufa wa sentimita sita kwenye ukuta mwembamba usiobeba kitu unatibika, na gari likatembea miaka mingi. Ufa wa sentimita moja ulioingia kwenye kiti cha beringi umeshaiua kesingi hiyo hata kama hakuna tone linalodondoka. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili: kila dalili inakupeleka mahali palipoumia, na mahali hapo ndipo panapoamua kama utatumia gundi, utamtafuta fundi wa kuchomelea kwa agoni (gesi inayolinda alminiamu isiungue), au utaingia kwenye masoko ya vipuri, Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, kutafuta giaboksi nyingine.

Kabla ya yote, usiwashe gari "kusikiliza kidogo" ikiwa unashuku oili imemwagika. Giaboksi za manyuo (za kubadilisha gia kwa mkono) za Toyota za familia ya C50, zilizojaa kwenye Corolla za zamani, hubeba lita 1.9 tu. Ikivuja nusu lita umepoteza robo ya oili yote. Kwenye giaboksi nyingi za gari la kuvuta mbele, gia ya tano imekaa mwisho kabisa, nje ya kesingi kuu, chini ya kava lake, na ni miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa oili. Ukisikia mlio kwenye gia hiyo, madhara yameshafanyika.

Oili inadondoka baada ya kazi na hujui inatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela, kwa sababu oili husafiri. Inatoka juu, inafuata ukingo wa kesingi, inapeperushwa nyuma na upepo, inadondokea mahali ambapo hapana kosa lolote. Ukipaka silikoni pale inapodondokea, umepaka mahali pazima.

Kwanza jua ni oili gani. Chukua tone kwenye karatasi nyeupe. Oili ya giaboksi ya manyuo ina harufu kali ya salfa inayong'ang'ania vidoleni, kwa sababu ya dawa zilizowekwa kulinda meno ya gia. Ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu ikiwa haijachoka, ingawa za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua) zina rangi nyingine. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na haina harufu hiyo ya salfa. Hatua hii ni ya dakika moja na inaokoa siku nzima. Ukiona oili inatoka kwenye tundu la chini pale injini na giaboksi zinapokutana, inaweza kuwa sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya kuingilia giaboksi, na harufu ndiyo itakayokuambia. Zote mbili hazina uhusiano na ufa.

Ukishajua kuwa ni ya giaboksi, osha kesingi yote kwa dawa ya kusafishia breki au petroli, ukiwa nje penye hewa na mbali na moto, ikauke kabisa. Pulizia poda ya mtoto eneo lote unaloshuku. Hakikisha oili imefika kiwango, kisha, gari likiwa limekaa imara juu ya stendi, washa injini kwa dakika chache na uingize gia ili oili irushwe ndani. Mtu asiwe chini ya gari wakati huo. Zima, ndipo uingie na tochi. Oili itachora mstari kwenye poda, na mstari huo utaufuata kwenda juu mpaka chanzo chake.

Chanzo kikiwa ni ukuta mtupu, pasipo na bolti, gasketi wala sili, una ufa. Kama hauonekani kwa macho, tumia mafuta ya taa na chaki. Njia hii ni ya zamani sana. Mafundi wa reli waliitumia kukagua ekseli kabla dawa za kisasa za kupimia nyufa hazijaja, na bado inafanya kazi. Paka mafuta ya taa juu ya eneo lililosafishwa, subiri kama dakika 20 yapenye, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki ya shuleni, changanya na spiriti iwe uji mwepesi, paka kwa brashi na iache ikauke iwe nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi nje na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Kama giaboksi imefunguliwa, ni rahisi zaidi: chaki nje, mafuta ya taa ndani, subiri nusu saa. Weka alama kwenye ncha mbili za mstari kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu utazihitaji baadaye.

Umesikia "tak" ukikaza, na sikio limekatika

Masikio ni yale matundu yaliyotokeza kwenye mdomo mpana wa giaboksi, ambamo bolti za kuifunga kwenye injini na bolti za stata hupita. Kuvunjika kwake ndiyo ajali kubwa kuliko zote za kazi ya klachi nyumbani. Asilimia kubwa ya masikio hayavunjwi na mkono mzito. Yanavunjwa na mtu anayetumia bolti kuvuta giaboksi iingie mahali pake.

Giaboksi iliyopangika vizuri huingia kwa kusukumwa na mikono, mpaka uso wake ugusane na uso wa injini pande zote bila bolti hata moja. Ikibaki nafasi ya sentimita moja na ukaamua kuimalizia kwa kukaza, bolti ya kwanza inabeba mzigo wote kwenye sikio moja. Tafuta kinachoizuia. Mara nyingi sahani ya klachi haijakaa katikati, kwa hiyo shafti ya giaboksi inagonga pembeni mwa tundu badala ya kuingia. Shafti ikiingia kwenye meno lakini meno hayajapatana, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya kranki huku msaidizi akisukuma. Mengine ya kukagua ni waya wa ardhi au mabano ya bomba yaliyobanwa katikati bila kuonekana. Kuna ile bati nyembamba ya vumbi iliyopinda. Kuna pini mbili za kuelekeza, zile silinda ndogo zisizo na thredi, ambazo zimeota kutu na hazitaki kuingia kwenye matundu yake. Zisafishe kwa msasa na uzipake grisi kidogo.

Kuna pia hali ya pini kutokuwepo kabisa. Zilibaki kwenye injini ya zamani, au zilidondoka na kufagiliwa pamoja na taka. Giaboksi itafungika, masikio yatakuwa mazima, lakini baada ya siku chache gari linatetemeka ukiachia klachi, gia zinaingia kwa shida, na sili ya shafti ya kuingilia inaanza kuvuja. Sikio linakuja kupasuka baadaye barabarani, na mwenye gari anadhani alikosa bahati akapata alminiamu mbovu. Ukiona dalili hizo tatu pamoja, shusha giaboksi uhesabu pini. Ni lazima ziwe mbili.

Kwa otomatiki hatari ni kubwa zaidi. Konveta, chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi mahali pa klachi, lazima izame yote kwenye pampu ya giaboksi kabla hujaiinua giaboksi. Unaisukuma huku unaizungusha, nayo inashuka kwa hatua. Utaisikia inakaa mara mbili au tatu. Giaboksi ikishafika kwenye injini, konveta inatakiwa izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi ndogo kati yake na bati ya kranki. Isipozunguka, usikaze bolti hata nusu mzunguko. Ukilazimisha, unavunja pampu ndani pamoja na kesingi nje. Dalili yake ni injini ngumu kuzunguka, au gari linawaka lakini haliendi mbele wala nyuma.

Sikio likishakatika, angalia uso wa mahali palipovunjika kabla hujapashika na vidole vya oili. Mvunjiko mpya una rangi ya kijivu safi na chembechembe zinazometa kama sukari. Sehemu iliyo nyeusi au ya kahawia, yenye oili iliyokauka ndani, ni ufa wa zamani, pengine kabla hujalinunua gari. Mara nyingi utaona vyote viwili pamoja: ukingo mweusi wa zamani, kisha kijivu kipya kilichomalizia. Hapo ujue kuna sababu ya zamani inayoendelea, kama mauntini (raba inayoshikilia giaboksi kwenye gari) iliyokufa au pini zilizopotea. Ukichomelea bila kuiondoa, sikio litavunjika tena palepale.

Tunza kipande kilichovunjika. Fundi wa agoni akikirudisha mahali pake tundu linabaki kwenye mstari. Akilijenga upya kwa fimbo ya kuchomelea, itabidi litobolewe upya, na hapo makosa ya milimita moja huingia.

Sikio moja likikatika kati ya saba au nane, wapo watakaokwambia funga zilizobaki uende. Kwa sikio la stata hilo halifai hata kidogo, kwa sababu stata itacheza na kula meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kwa sikio la mdomo lililo karibu na pini ya kuelekeza pia halifai. La juu kabisa, mbali na pini, linaweza kukufikisha kwa fundi, lakini si kwa safari ya Dodoma.

Plagi inazunguka tu, haikazi

Thredi ya alminiamu imeng'oka. Toa plagi uangalie: ukiona uzi wa alminiamu umejiviringisha kwenye meno yake, jibu umelipata. Kwa kawaida kosa halikutokea leo. Plagi imekazwa kupita kiasi kila oili ilipobadilishwa, mpaka siku thredi ilipochoka.

Tiba ninayoiamini ni bushi ya thredi, yaani pete ya chuma yenye thredi ndani na nje, au helikoili, ile springi ya thredi. Kwa plagi ya oili bushi ni bora, kwa sababu oili hupenya kwenye mizunguko ya helikoili ukisahau kuipaka dawa ya kuzuia kuvuja. Kazi ya kutoboa na kupiga tapu (kifaa cha kukatia thredi) inafanyika giaboksi ikiwa kwenye gari, ila unyofu ndio kila kitu: tundu likienda upande, uso wa plagi hautakaa sawa na washa haitaziba. Paka grisi nyingi kwenye keekee na kwenye tapu ili vumbi la alminiamu ling'ang'anie hapo. Ukimaliza, mimina oili ya bei nafuu kupitia tundu la juu huku la chini likiwa wazi, mara mbili, isombe chembe zilizobaki. Chembe hizo zikiachwa zinaishia kwenye beringi.

Madukani zipo plagi kubwa za kujikatia thredi zenyewe. Siziungi mkono. Zinafanya kazi kwa kusukuma alminiamu kwenda nje, na kwenye kitako chembamba cha plagi zinapasua.

Hiyo inatuleta kwenye dalili iliyo jirani: plagi imekaza vizuri, lakini oili inatoka pembeni yake. Badilisha washa kwanza, kwa sababu washa ya alminiamu au shaba hutumika mara moja. Kama bado, osha na upige poda uangalie kitako chenyewe. Ufa unaoanzia kwenye tundu na kupanda wima umeletwa na kukaza kupita kiasi. Plagi zenye umbo la koni, zinazopatikana kwenye baadhi ya magari ya zamani, zinafanya hivi kwa urahisi sana, kwani kila unavyokaza zinatanua tundu. Ukizungushia tepu ya mabomba ndiyo inateleza zaidi, na unaikaza kupita ulivyokusudia. Hizi hukazwa kidogo tu, zikae.

Plagi ya kawaida ya giaboksi ya gari dogo hutaka kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 30 na 50 hivi. Kwa C50 ni Nm 39. Kama huna spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, chukua mizani ya kuning'iniza kama ya wauza samaki, ifunge kwenye mpini wa spana sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, uvute kwa pembe mraba mpaka mizani isome kilo 20. Hiyo ni Nm 39. Ukishaona nguvu ile ni ndogo kiasi gani, utaelewa kwa nini plagi nyingi zimeharibika. Na siku zote fungua plagi ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini. Anayemwaga oili kisha akagundua plagi ya juu imeota kutu amekwama na giaboksi kavu.

Bolti imefika mwisho kabla haijabana, au kesingi imetumbuka upande wa pili

Bolti za giaboksi zina urefu tofauti, na kila moja ina tundu lake. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi lililofungwa chini, inafika sakafuni na kutoboa. Ukiona donge dogo la alminiamu limesukumwa nje, au ufa wa mviringo ng'ambo ya tundu, sababu ni hiyo. Kuzuia ni rahisi: chora umbo la giaboksi kwenye kipande cha boksi, toboa matundu yanapostahili, na uchomeke kila bolti mahali pake unapoitoa.

Sababu ya pili inawashangaza hata wazoefu. Bolti ina urefu sahihi, lakini tundu lina oili au maji chini. Kimiminika hakibanwi. Bolti inapoingia, shinikizo halina pa kwenda isipokuwa kwenye ukuta, na kesingi inapasuka kwa nyufa zinazotawanyika kutoka tunduni. Kausha kila tundu lisilo na upenyo kwa kitambaa kwenye kijiti, kisha upulize kwa pampu ya baiskeli, macho yakiwa mbali.

Kwa magari yaliyokaa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, kuna shida ya kutoa kuliko ya kuweka. Chumvi, chuma na alminiamu vikikaa pamoja vinaacha unga mweupe unaoshika bolti kabisa. Ukilazimisha, bolti inakatika ndani au inaondoka na sikio. Alminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, kwa hiyo mwagia maji yanayochemka kuzunguka bolti, weka dawa ya kulainisha kutu, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, urudie. Ukiifunga tena, paka grisi ya kuzuia kushikana, na kumbuka bolti yenye grisi inabana zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo punguza kidogo.

Oili inatoka pale shafti inapoingia, na sili ni mpya

Toa sili uangalie kiti chake kwa tochi. Utakuta mkwaruzo wa bisibisi uliotokana na kung'oa sili ya zamani, au pembe iliyomegeka pale mtaimbo ulipoegemezwa kuchomolea shafti. Mkwaruzo mdogo husawazishwa kwa msasa laini, kisha unapaka utando mwembamba wa silikoni ya gasketi nje ya sili mpya. Pembe iliyomegeka kabla ya kufika sili inapokaa haina neno. Ilainishe tu kwa tupa. Ikiwa imemegeka mpaka ndani, inahitaji kujazwa na kukerezwa.

Hali ni hiyohiyo kwa aliyetenganisha nusu mbili za kesingi kwa bisibisi. Uso wa kukutania ukipata jeraha, ujazo wa silikoni utaficha kwa muda na kuachia giaboksi ikipata joto. Kesingi nyingi zina vijipembe maalumu vya kuegemeza mtaimbo. Vitafute, na ugonge kwa nyundo ya mpira.

Umepandisha gari kwa jeki, ikaegemea giaboksi

Kwa otomatiki, cha kwanza kukaguliwa ni sampu, bakuli la oili lililo chini. Ya bati ikibonyea inagusa chujio na kuziba njia ya oili. Gari linachelewa kushika gia, linateleza, pampu inalia. Watu wamefungua giaboksi nzima kwa dalili hizi, kumbe ni bonde kwenye sampu. Ifungue, inyooshe juu ya ubao au ubadilishe, weka chujio jipya. Kwa manyuo, jeki hupasua tumbo la kesingi lenyewe. Rudi kwenye chaki na mafuta ya taa.

Ufa umethibitika. Sasa?

Sitataja bei, zinabadilika kila mwezi. Nitataja mahali.

Ukuta mtupu usiobeba bolti, beringi wala mauntini: gundi ya chuma ya tiubu mbili inatosha ikifanywa kwa heshima. Mwaga oili yote. Toboa tundu dogo la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa uliyoitia alama, ili ufa usiendelee. Kama giaboksi haijafunguliwa, toboa kwa grisi na usipenye zaidi ya ukuta, kisha isafishe ndani kwa oili kama tulivyofanya kwenye plagi. Chonga mfereji wa V kando ya ufa, kwaruza eneo pana kwa msasa mzito, osha kwa dawa ya breki mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha pasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Oili iliyojificha itatoka, uoshe tena, urudie mpaka isitoke. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu gundi hubanduka. J-B Weld ya kawaida hushika baada ya saa 4 hadi 6 na hukauka kabisa kati ya saa 15 na 24. Usijaze oili kabla ya hapo, hata kama mwenye gari anapiga simu.

Masikio, mdomo, na mahali pa mauntini: hapa gundi haifai, ni kuchomelea kwa agoni. Gia zote, beringi na sili zitolewe kwanza, kwa sababu umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unaiunguza, na joto linaua sili. Muulize fundi maswali matatu. Anapasha kesingi joto kabla ya kuchomelea? Anaifunga bolti kwenye uso ulionyooka, kwa mfano bloku ya injini iliyokufa, ili mdomo usipinde? Anatumia fimbo gani? Kwa alminiamu ya kumimina, fimbo ya namba 4043 ni jibu zuri. Anayekwambia atatumia gesi na fimbo "yoyote ya alminiamu", mshukuru uende kwa mwingine. Alminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo kwa mkono usiozoea kesingi huporomoka bila taarifa. Kazi ikirudi, weka rula iliyonyooka kwenye uso wa mdomo. Fila (kipande chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10 ikipita chini yake, uso umepinda na unahitaji kusawazishwa kwa mashine.

Jambo moja la usalama. Si kila kesingi ni alminiamu. Volkswagen Beetle ilitumia magnesiamu, na hata otomatiki ya Mercedes ya 7G-Tronic ina kesingi ya magnesiamu. Kwaruza kidogo na udondoshe siki: ikitoa povu la vipovu, ni magnesiamu. Vumbi lake linashika moto, na moto huo haumwagiwi maji, unafunikwa kwa mchanga mkavu. Usiichonge kwa grainda nyumbani.

Kiti cha beringi, au ufa unaokatiza kutoka nusu moja ya kesingi kwenda nyingine: usitengeneze. Hata ikizibwa, beringi haitakaa kwenye mstari. Kununua nusu ya kesingi peke yake pia kuna mtego, kwa sababu nusu mbili huchongwa pamoja na beringi za difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hupimwa kwa shimu, vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi. Ukichanganya, vipimo vyote vinaanza upya. Mara nyingi giaboksi nzima ya mtumba ni nafuu kuliko hesabu hiyo. Kwa Toyota, soma kibati kilichoko chini ya boneti kwenye mstari wa TRANS/AXLE, uandike namba hiyo kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu giaboksi zinazofanana kwa nje hutofautiana uwiano wa gia. Unaponunua, pita na tochi kwenye masikio na matundu ya bolti. Zinazoshushwa kwa kukatwa haraka huja na majeraha yaleyale unayoyakimbia.

Baada ya kurudisha, jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu la juu gari likiwa usawa, endesha mtaani mpaka ipate joto, kisha upige poda tena. Rudia ukaguzi baada ya kama kilomita 100, na tena baada ya 500. Unyevunyevu usiokua kwenye gasketi ya zamani unaweza kuishi nao. Lakini pale ulipotibu ufa, hata mstari mwembamba wa unyevu kwenye poda unamaanisha ufa umepita tundu la milimita 3, na giaboksi inashuka tena.